RUZUKU YA MBOLEA: WAKALA WA BABATI NDIYE MKOPESHAJI

Na Mwandishi Wetu, Babati

MFANYABIASHARA anayetaka kufungua duka la pembejeo mjini Babati huuliza kwanza bei ya mfuko. Lipo swali zito zaidi: fedha ya ruzuku italipwa lini, na nani atasubiri?

Tuanze na vocha. Mpango ulioanza mwaka 2008, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ulimpa mkulima mdogo vocha za mbolea na mbegu za kutosha ekari moja. Vocha ililipia karibu nusu ya bei, nusu nyingine mkulima alitoa mfukoni. Wakala alipokea vyote viwili, kisha akapeleka vocha NMB kudai fedha yake.

Chukua mfano wa wakala mwenye mtaji wa Sh. milioni 12, na mfuko wa Sh. 60,000/-. Faida tuiache kando. Ananunua mifuko 200. Ikiisha, mkononi ana Sh. milioni 6 taslimu na rundo la karatasi. Malipo yakichelewa, safari ya pili Arusha anarudi na mifuko 100, ya tatu 50. Duka limekauka mvua ikinyesha na wateja wako mlangoni. Kama mtaji ni wa mkopo, anailipia riba fedha iliyoko serikalini.

Hayo yametokea. Mawakala wa msimu wa 2015/16 walikaa muda mrefu wakidai, serikali ikihakiki madai kwa sababu ya udanganyifu uliogundulika katika vocha. Mwenye haki alisubiri foleni moja na mwizi.

Vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, ruzuku ilirudi kwa sura nyingine. Ilizinduliwa Mbeya, Agosti 8 mwaka huo, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ukashuka hadi karibu Sh. 70,000/- kutoka zaidi ya Sh. 120,000/-. Mkulima huandikishwa kijijini, hupewa namba, na mauzo huingizwa kwenye mfumo wa elektroniki wa TFRA. Karatasi imeondoka. Subira haikuondoka, maana ruzuku hufuata baada ya mauzo kuonekana kwenye mfumo. Kabla ya kutia saini na kampuni ya mbolea, soma vizuri nani anabeba pengo hilo.

Ajabu ni kwamba fosfeti imo humu humu wilayani. Minjingu, kwenye barabara ya Arusha, imechimbwa tangu miaka ya 1980. Wakati wa vocha mbolea yake ilikuwa kwenye orodha, lakini wakulima wengi waliikwepa ile poda wakataka DAP ya meli. Kiwanda baadaye kilitoa ya chenga na iliyochanganywa naitrojeni, ambayo kwa duka la Babati ina nauli ndogo.

Jambo moja husahauliwa na wenye mitaji kutoka nje. Sehemu ya mkulima hulipwa kwa fedha ya mazao, na hapa mahindi hupandwa pamoja na mbaazi. India ilipobana uagizaji wa mbaazi Agosti 2017, bei ilianguka vibaya. Ruzuku haigusi bei hiyo. Anayepanga kujaza stoo mifuko ya mbolea aulizie kwanza mbaazi zinanunuliwaje Gallapo na Bonga.