Kamera ya Harusini na Kamera ya Ziwani



Tunawaandikia kutoka Bondo, mji mdogo wa Kaunti ya Siaya, safari ya saa moja na ushei kutoka Kisumu, na mwendo mfupi tu kutoka fuo za Ziwa Viktoria. Sisi ni wanawake saba. Baadhi yetu tuliletwa huku na kazi za waume zetu kutoka Mombasa, Malindi na Lamu. Wengine ni wenyeji wa hapa hapa. Tunasali pamoja, tunasomesha watoto pamoja, na kila Ijumaa tunatia akiba katika kibubu. Mwaka huu kibubu kilitimia shilingi 30,000, nasi tukakubaliana kwa kauli moja kwamba tununue kamera. Tulichoshindwa kukubaliana ni kamera ipi.

Huenda mkauliza, kamera ya nini zama hizi ambapo kila mtu ana simu mkononi? Jibu letu lilitokana na machungu. Katika harusi moja iliyopita, usiku wa kupamba, mgeni mmoja alimpiga bibi harusi picha kwa simu yake, akiwa amefunguliwa nywele na kutiwa hina hadi kwenye kiwiko. Hakukusudia ubaya. Alimtumia dadake, dadake akamtumia shoga yake, na kulipopambazuka picha ile ilikuwa imeonwa na wanaume ambao hata mlango wa nyumba ile hawaujui. Bibi harusi alianza maisha ya ndoa kwa kulia. Tangu siku hiyo tuliazimia kwamba katika shughuli zetu simu zitawekwa kapuni mlangoni, na picha zitapigwa na mmoja wetu tunayemwamini, kwa ujira utakaorudi kibubuni.

Tunajua kwamba wanazuoni wamekhitilafiana juu ya picha tangu zilipoingia katika nyumba za Waislamu, na sisi si watu wa kutoa fatwa. Wala mashaka haya si mapya kwenu Pwani: mtafiti wa Kijerumani, Heike Behrend, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2013, juu ya upigaji picha katika pwani yetu na mivutano kuhusu nani aonekane na nani asionekane. Tunalosema ni hili tu: maadamu picha za harusi zinapigwa, basi na zipigwe kwa sitara.

Mbele yetu palikuwa na kamera mbili, zote za mkono wa pili, na bei zao zilikaribiana. Ya kwanza ni Canon 1100D, kamera kubwa ya aina ya DSLR iliyotoka mwaka 2011, ya daraja la wanaoanza. Tuliambiwa shilingi 22,000 pamoja na lenzi yake ya kawaida. Ya pili ni Olympus TG-5 ya mwaka 2017, kamera ndogo ngumu inayoingia katika mfuko wa dira. Hiyo tuliambiwa 29,000. Ilipokuwa mpya, watengenezaji wake waliitolea ahadi kubwa: kuzama majini mita 15, kuanguka kutoka mita 2.1, na kukandamizwa kwa uzito wa kilo 100 bila kudhurika.

Mwenzetu mmoja, mchuuzi wa omena, aliitaka ile ndogo kwa moyo wake wote. Omena ndio dagaa wa ziwa hili. Huvuliwa usiku usio na mwezi kwa taa, na ukisimama ufuoni Usenge usiku kama huo utadhani kuna mji mwingine ng'ambo ya maji. Mwenzetu hununua huko Usenge, na wakati mwingine huvuka kwa mashua hadi kisiwa cha Mageta. Alitaka wanunuzi wake wa Nairobi na Mombasa waone kwamba omena wake huanikwa juu ya vichanja, hawatandazwi mchangani, ili apate bei inayostahili. Kwake yeye picha ni riziki ya watoto wanne. Alituambia, “Dau lisiloshushwa majini si dau, ni mbao. Mtanunua kamera ya kuogopa maji, nanyi mnakaa ziwani?”

Badala ya kubishana, tuliomba kuazimwa kamera zote mbili kwa siku chache. Hilo ndilo shauri la kwanza tunalompa kila mwenye nia ya kununua: kiazime chombo kabla hujakilipia, kwani maelezo ya muuzaji ni kitu kimoja na nyumba yako ni kitu kingine.

Tulianza na safari ya ziwani. Upepo wa adhuhuri uliitia mashua mawimbi, na maji yakaturukia hadi kwenye mitandio. Kamera kubwa haikutoka mkobani hata mara moja, maana aliyeibeba alikuwa ameikumbatia kama mtoto mchanga. Ile ndogo ilipiga picha njia nzima, ikamwagiwa maji, ikashikwa kwa mikono yenye magamba ya samaki, kisha ikasuuzwa kwa kikombe cha maji safi. Siku hiyo mchuuzi wetu alitabasamu, na haki ilikuwa yake. Kamera inayobaki mkobani kwa hofu haina faida, hata iwe bora namna gani.

Usiku tukaijaribu sebuleni. Tulikaa baada ya Isha chini ya balbu moja, watoto wakicheza, msichana mmoja akipakwa hina na piko. Hapa tulijifunza mambo ambayo hatukuyatarajia.

Ndani ya kila kamera kuna kibamba kinachopokea mwanga, na kibamba hicho ndicho jicho lenyewe. Katika ile Canon kina upana wa milimita 22 na kimo cha karibu 15. Katika ile Olympus ni milimita 6 kwa 4.5 hivi. Ukipiga hesabu, eneo la kwanza ni zaidi ya mara kumi na moja ya la pili. Ni kama kukinga mvua kwa sufuria la pilau na kwa kikombe cha kahawa: mvua ni ile ile, lakini kinachokusanywa ni tofauti. Mwanga ukiwa haba, kamera ndogo hulazimika kuukuza kwa nguvu, na picha hujaa chembechembe kama mchanga, au watu wakitikisika huonekana kama kivuli.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Lenzi ya ile ndogo hufunguka zaidi kuliko lenzi ya kawaida ya Canon, hivyo tofauti hupungua pale ambapo huvuti picha karibu. Tena huweza kusogezwa hadi sentimita moja kutoka kwa kitu na bado ikaona vizuri. Mkono wa hina uliotulia juu ya mto, iliupiga kwa uzuri uliotushangaza sote, kila ua na kila jani. Lakini mara tu tulipovuta picha kutoka mbali, lenzi ilijifunga na mwanga ukapungua. Watoto wakawa vivuli, na uso wa msichana alipogeuka kucheka ukapotea katika chembechembe. Tukawasha flashi, uso ukawa mweupe kama chokaa na mapambo ya nguo yakametameta hadi kuumiza macho.

Kamera kubwa kwa lenzi yake ya kawaida ilifanya vyema zaidi, ingawa si kwa kiasi tulichotazamia. Siri yake tuliipata tulipofunga lenzi nyingine ya kuazima, ile ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8. Lenzi hii ni nyepesi, haina uwezo wa kuvuta karibu wala mbali, na ya mkono wa pili tulitajiwa shilingi 7,500. Lakini huingiza mwanga karibu mara kumi ya ule unaoingizwa na lenzi ya kawaida ikivutwa kufikia umbali huo huo. Chini ya balbu ile ile moja, bila flashi, uso wa msichana ulionekana kama macho yetu yalivyouona. Upungufu wake ni kwamba katika chumba kidogo mpiga picha hulazimika kurudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Kwa picha ya jamaa wote, lenzi ya kawaida inarudishwa.

Liko na jambo la sitara. Ile Olympus ina uwezo wa kurusha picha hadi kwenye simu pasipo waya, na ikiruhusiwa huandika ndani ya picha mahali penyewe ilipopigwa. Kwa msafiri hizi ni neema. Kwa nyumba ya harusi ni milango miwili ya kukumbuka kuifunga. Ile Canon ya zamani haina uwezo wa kurusha picha hewani kabisa. Kasoro yake ikawa fadhila kwetu.

Mwisho tulizingatia uzee. Vyombo hivi vyote viwili vimetumika, na hapa ndipo wengi huteleza. Ugumu wa kamera ndogo unategemea vipande vya mpira vinavyoziba milango ya betri na kadi. Mpira huchakaa, na watengenezaji wenyewe hushauri ubadilishwe kila mwaka. Unywele mmoja au punje ya mchanga ikikaa pale, maji hupita. Basi ukinunua kamera ngumu iliyokwisha kutumika miaka mingi, unalipia sifa moja ambayo huwezi kuijaribu dukani bila kuhatarisha chombo chenyewe. Ukiona ukungu ndani ya kioo chake, iache.

Maradhi ya kamera kubwa, kinyume chake, mengi huonekana. Inyanyue lenzi uitazame dhidi ya mwanga: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nanyi wa Pwani mnaijua kazi ya unyevu. Piga picha ya karatasi nyeupe lenzi ikiwa imebanwa hadi f/16. Madoa yanayorudi mahali pale pale ni vumbi la ndani. Piga picha hamsini mfululizo uone kama betri na mtambo vinastahimili. Na ukishainunua, ihifadhi katika kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Tulipoketi kuamua, mzee wetu miongoni mwa wanawake, ambaye hajawahi kushika kamera maishani mwake, aliuliza swali moja: “Picha ipi ikikosekana leo haipatikani kesho?” Tukanyamaza. Omena wataanikwa tena kesho na keshokutwa, inshallah, na jua litawaka. Bibi harusi hupambwa usiku mmoja. Mama yake huenda asiwepo mwaka ujao, na bibi yake vivyo hivyo. Tukanunua ile Canon kwa 22,000 na lenzi ya milimita 50 kwa 7,500.

Zikabaki shilingi 500. Hizo tulimnunulia mchuuzi wetu mfuko wa plastiki wa kuzuia maji, wa kutia simu yake akiwa mashuani. Haukuwa alichokitaka, na hatukujifanya kwamba ndicho. Lakini kila mara kamera inapokuwa haina shughuli, mmoja wetu huondoka naye alfajiri hadi Usenge kupiga picha vichanja vyake nchi kavu, jua linapochomoza na samaki wanang'aa kama fedha. Akiba itakayofuata, tumeandika katika daftari, ni ya kamera yake.

Tumejiwekea na kanuni moja, ambayo tunawausia wote wenye kufanya kazi hii. Picha iliyofutwa kwenye kadi mara nyingi bado imo. Mwenye programu ya kufukua huweza kuirudisha. Kwa hiyo sisi hatufuti na kusema tumemaliza. Kila harusi ina kadi yake mpya, bei yake imo katika ujira, na asubuhi yake kadi hiyo hukabidhiwa bibi harusi mkononi, mbele ya mama yake, nasi hatubaki na nakala. Vilevile, anayeuza kamera au simu kuukuu asimkabidhi mnunuzi kadi yake ya zamani kwa kudhani ni tupu.

Mwezi uliopita tulifanya harusi yetu ya kwanza kwa kamera hii. Kapu la simu lilijaa hadi juu. Baadhi ya picha zilitoka na ukungu, maana bado tunajifunza. Asubuhi yake bibi harusi aliipokea kadi, akaifunga katika pindo la leso yake kama wafungavyo fedha bibi zetu, akacheka.

Wabillahi tawfiq.