Hasara Iliyojificha Mifupani

Mafuriko yanapopungua, hasara huonekana kwa macho: nyumba zilizobomoka huhesabiwa, mazao yaliyosombwa hukadiriwa. Sumu ikivuja katika mazingira, nyumba hubaki zimesimama. Tathmini yake huanzia katika damu ya watu.

Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa mabanda wenye watu wapatao 3,000 mjini Mombasa, wanalifahamu jambo hilo. Mwaka 2007 kilifunguliwa jirani yao kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliuguliwa na mwanawe mchanga. Vipimo vikaonyesha kuwa mtoto alikuwa na sumu ya risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo mwaka 2024.

Katika tathmini ya namna hii, muda ni jambo la msingi. Mtu akiondolewa penye sumu, kiwango cha risasi katika damu yake hupungua kwa nusu katika muda wa takriban mwezi mmoja. Sehemu kubwa ya risasi iliyobaki mwilini huwa mifupani, nayo hukaa humo miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, yaweza kurudi katika damu na kumfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo kipimo kilichochelewa huweza kuleta majibu ya kuridhisha ilhali ubongo wa mtoto umekwisha kudhurika.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unaagiza kwamba damu ikiwa na maikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Dalili, kama vile maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu na degedege, hufanana na za maradhi mengine. Ndiyo maana mhudumu wa afya humuuliza mgonjwa anaishi wapi na nyumbani kwake hufanywa kazi gani. Kabla ya kudunga kidole, hukiosha kwa sabuni, kwani vumbi la ngozini laweza kupandisha majibu. Majibu yakiwa ya juu, huyathibitisha kwa damu ya mshipa, kisha huandika tarehe, makazi na kiwango, na kurudia kipimo.

Mgonjwa naye aitunze nakala ya majibu yake. Mkazi asiye na kumbukumbu ya kipimo cha siku za mwanzo atapata taabu kuthibitisha madhara yaliyompata, hata akiyabeba mwilini maisha yake yote.