Taa ya wote, nani ataizima?

Goma, Bukavu ama Uvira, pita barabarani saa nne ya asubuhi: jua limepanda, lakini ku milango na ku kuta za parseli nyingi taa za inje bado zinawaka. Jioni, watu wa ile parseli wanaanza kugombana juu ya kredi ya Cash Power iliyoisha mbele ya mwezi kuisha. Kuna vifaa vidogo ambavyo vinawasha na kuzima taa vyenyewe. Tunaeleza hapa namna vinafanya kazi, mahali vinasaidia kweli, na mahali ni kutupa feza tu.

Kwa nini taa inasahauliwa?

Taa ya chumba iko na mwenyewe. Anayelala anaizima, kwa sababu inamsumbua macho na yeye njo analipa. Lakini taa ya koridori, ya ngazi, ya choo cha wote ao ya ukuta wa inje haina mwenyewe. Mpangaji wa kwanza anafikiri wa pili ataizima. Sentineli anarudi kwake asubuhi na mapema. Mwenye nyumba anaishi mtaa mwingine. Taa inabaki inawaka, na mita inaendelea kuhesabu.

Na umeme wenyewe ni kidogo. Bukavu inategemea sana mitambo ya Ruzizi, na ule wa Ruzizi II, uliyoanza kazi mwaka 1989, unagawanywa kati ya nchi tatu: Congo, Rwanda na Burundi. Goma imepata nguvu mpya tangu mtambo wa Matebe kule Rutshuru ulipofunguliwa Desemba 2015, na tangu mwaka 2020 iko pia mtambo wa jua wa Nuru. Hata hivyo, katika miji yetu kuna nyumba nyingi ambazo hazijafikiwa na waya.

Hesabu ya parseli moja

Nguvu ya ampuli imeandikwa juu yake kwa wati. Unazidisha wati na masaa ambayo inawaka. Ukifika 1000, hiyo ni kilowati-saa moja, na njo mita inakata ku kredi yako.

Tuchukue parseli yenye taa sita za inje. Kama ni zile ampuli za zamani za wati 60, zote pamoja ni wati 360. Zikiwaka usiku na mchana, zinakula kilowati-saa 8,64 kila siku. Ukiweka ampuli za LED za wati 9, ambazo zinatoa mwangaza karibu sawa, zinakula 1,3. Kisha zikizimwa mchana, unashuka mpaka 0,65.

Angalia vizuri: hatua kubwa zaidi imetoka ku kubadilisha ampuli. Mwenye bado na zile za zamani aanzie hapo, mbele ya kununua kifaa chochote.

Kifaa kinachoona giza

Cha kwanza ni kile mafundi wetu wanaita selile. Ndani yake kuna kipande kinachobadilika kikipata mwangaza. Kukiwa kweupe, kinaamuru umeme ukatwe. Giza likiingia, kinauachilia. Kwa sababu tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni karibu masaa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo taa iliyokuwa inawaka usiku na mchana itapunguza karibu nusu ya umeme wake, Januari sawa na Julai.

Kuna kosa moja linaonekana mara nyingi: selile inafungwa mahali taa yenyewe inaimulika. Taa inawaka, selile inafikiri kumekucha, inazima. Giza linarudi, inawasha tena. Usiku mzima taa inacheza hivyo. Dawa ni kuigeuza iangalie mbingu, mbali na taa.

Kifaa kinachosikia mtu akipita

Cha pili ni detektere ya mwendo. Mwili wa mtu unatoa joto ambalo jicho halioni. Detektere inatambua ile joto ikisogea mbele yake, inawasha taa, na inaizima kisha muda uliyochagua: dakika moja, tano ao kumi. Ku detektere nyingi kuna vis ndogo za kupanga ule muda na kuamua kama ifanye kazi hata mchana.

Inafaa sana ku ngazi, koridori, choo cha inje na depo. Kuhusu usalama, wengi wanaogopa kuacha ukuta katika giza, na wako na haki. Basi munaweza kuacha taa moja ao mbili ziwake usiku wote, zingine zifuate mwendo. Taa ikiwaka gafula nyuma ya nyumba, sentineli naye anajua kuna kitu kinapita. Lakini hata mbwa ataiwasha, na matawi yanayotikiswa na upepo yanaweza kuidanganya. Tena haioni mtu asiyesogea. Mwanafunzi anayesoma kimya, ao mtu aliyekaa chooni muda mrefu, anaweza kubaki gizani mpaka atikise mkono.

Ku kituo cha afya, si mambo ya feza tu

Tuchukue mfano wa kituo cha kijijini kinachotumia jua. Kiko na batri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, ni kusema wati-saa 1200. Kwa batri ya kawaida ya risasi, ni vizuri kutumia nusu tu, ili isife haraka: 600. Kuna taa mbili za wati 10 ku materinite na taa nne za wati 10 inje. Zote zikiwaka tangu saa kumi na mbili ya jioni, zinakula wati-saa 60 kila saa. Kisha masaa kumi, yaani saa kumi ya usiku, zile 600 zimeisha. Mama anayejifungua saa kumi na nusu, mkunga atamushikia tochi ya telefone.

Sasa taa za inje ziwake masaa manne ya kwanza, kisha zifuate mwendo tu, tuseme saa moja kwa jumla. Zitakula 200 pahali pa 480. Materinite inachukua 240 yake mpaka asubuhi. Jumla ni 440, na batri inapumzika. Batri ni ile ile, makapo ni yale yale.

Na habari njema: regulateri nyingi za sola ziko tayari na ile akili ndani. Zinasikia kupitia kapo kwamba jua limezama, na zinaweza kuwasha taa kwa masaa uliyopanga. Wengi wanayo ukutani na hawajaigusa hata siku moja. Lakini ku ile laini ufunge taa za inje peke yake. Taa ya chumba cha kujifungulia isifungwe ku detektere ao ku saa yoyote. Ile inabaki chini ya mkono wa mkunga.

Na majumba makubwa?

Ku hoteli, benki na ofisi za etaji, vile vifaa vinaunganishwa na ubongo mmoja. Ile karti unayochomeka ku ukuta wa chumba cha hoteli ili umeme uje ni mfano rahisi: ukitoka nayo, taa na klima vinazimika. Kuna pia mfumo unaoitwa DALI, ambao laini moja inaongoza mpaka taa 64, kila moja na adresi yake. Taa ya karibu na dirisha inapunguza mwangaza jua likiingia, ile ya katikati inabaki na nguvu. Wazo ni lile lile la koridori yetu: kutomulika mahali hakuna mtu, ao mahali jua linatosha.

Mahali usitupe feza yako

Detektere yenyewe inakula umeme ikingojea. Tuseme nusu wati: kwa masaa 24 ni wati-saa 12. Ampuli ya wati 9 inayowaka saa moja tu kwa siku inakula 9. Hapo mlinzi anakula kuliko anachokilinda! Kwa chumba chako cha kulala, kidole chako ku swichi kinatosha.

Mbele ya kununua, muulize fundi mambo matatu. Kifaa kinabeba wati ngapi? Kiko na kinga gani umeme ukipanda gafula, kwa kuwa vitu vya namna hii vinaungua mbele ya ampuli? Na swichi ya kawaida itabaki, ili kikiharibika taa iendelee kuwaka? Siku ya kufunga, akate umeme ku dijonktere kwanza.

Kama munakaa wengi ku mita moja, leo usiku muzunguke parseli pamoja na muhesabu taa zisizo na mwenyewe. Kifaa cha kwanza mukifunge ku ile inayowaka masaa mengi, na muchange feza kwa usawa, kwa sababu inamulika wote.