Je, Wajua? Chafya ya Mbwa wa Yanonge

Je, wajua kwamba mbwa wa asili wa misitu ya Kongo kwa kawaida habweki? Ndiye ambaye Wazungu walimpeleka kwao na kumwita Basenji, jina linalotokana na neno "washenzi". Mnyama huyu hakustahili dharau hiyo. Kwa kuwa yuko kimya, wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo. Kengele ikilia tikitiki mahali pamoja, bila kusogea, huenda mbwa anapiga chafya na kusugua uso kwa makucha.

Yanonge iko kando ya Mto Kongo, kilomita kama 60 kutoka Kisangani ukishuka na maji. Mbwa akitoka porini huko na chafya mfululizo, mtazame matundu ya pua kabla ya kusema ana mafua. Tundu moja tu likitoa kamasi au damu, mara nyingi kuna kitu kimenasa: mbegu ya nyasi, kijiti, ncha ya mwiba wa nungu. Kwa mbwa mzee inaweza kuwa jino bovu, kwani mzizi wa chonge la juu umetengwa na pua kwa mfupa mwembamba sana. Matundu yote mawili yakitiririka, fikiria moshi, vumbi au maradhi.

Moshi hapa si jambo dogo. Yanonge huchoma makaa yanayopikiwa Kisangani, na mbwa hulala karibu na tanuri kwa ajili ya joto. Pua yake ina vipokea harufu zaidi ya milioni 200. Yetu ina kama milioni 5 au 6. Harufu inayotukera sisi, yeye inamchoma.

Je, wajua kwamba jongoo akisumbuliwa hutoa maji ya kahawia yanayowasha? Mbwa mdogo humnusa mara moja, kisha anatokwa na machozi na povu. Mwoshee uso na macho kwa maji safi mengi. Pua ikivimba ghafla, shuku nyuki au siafu. Uvimbe ukifika kooni na pumzi ikawa ya shida, usingoje kesho.

Uso uliovimba pamoja na homa, na jicho lililogeuka jeupe kama maziwa, ni habari nyingine: ni dalili za nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o.

Kuna pia mdudu mwenye umbo la ulimi anayeishi ndani ya pua ya mbwa. Jike hufikia sentimita 10 na zaidi, na mayai yake hutoka na chafya. Mbwa humpata kwa kula matumbo mabichi ya mbuzi. Anayechinja akichemsha matumbo kabla ya kuyatupia mbwa, ameukata mzunguko huo.

Chafya, macho yenye usaha na kuhara kwa mbwa mdogo asiyechanjwa yaweza kuwa distempa. Mwaka 1994 virusi vya ugonjwa huo viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na vinasadikiwa vilitoka kwa mbwa wa vijijini.

Lakini si kila chafya ni ugonjwa. Mbwa wakicheza huchemua kwa furaha. Na mbwa mwitu wa Botswana, watafiti waliandika mwaka 2017, huchemua kabla ya kuondoka kwenda kuwinda: chafya zikiwa nyingi, kundi huondoka.

Sasa hili, tafadhali. Mbwa anayejikuna mdomo, anayedondosha mate na kushindwa kufunga taya huonekana kama amekwamwa na mfupa. Kichaa cha mbwa huonekana hivyohivyo. Usitie kidole kinywani mwake. Mate yake yakigusa kidonda au jicho, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15, kidonda kwa sabuni, uende kituo cha afya siku hiyohiyo kutafuta chanjo, hata kama mbwa bado anakutambua na kutikisa mkia.