Judith Kerr, mkimbizi aliyewachorea watoto wa Uingereza chui milia

Katika nyumba nyingi za Uingereza kuna kitabu kimoja chembamba ambacho wazazi walisomewa wakiwa wadogo, na leo wao wenyewe wanawasomea watoto wao. Kinaitwa The Tiger Who Came to Tea, yaani chui milia aliyekuja kunywa chai. Kilitoka mwaka wa 1968. Aliyekiandika na kukichora, Judith Kerr, alifariki tarehe 22 mwezi wa tano 2019 akiwa na miaka 95, na Waingereza walimlilia kama mtu wa jamaa yao. Lakini hakuzaliwa kwao. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, baada ya Kijerumani na Kifaransa.

Judith alizaliwa Berlin mwaka wa 1923. Baba yake, Alfred Kerr, alikuwa mwandishi mwenye kuogopwa sana: neno lake moja kwenye gazeti liliweza kuinua ao kuangusha mchezo wa tamthilia. Alikuwa Myahudi, na alikuwa akimshambulia Hitler waziwazi, kwenye magazeti na hata kwenye redio. Mwezi wa pili mwaka wa 1933, akiwa kitandani na homa, alipigiwa simu na polisi mmoja mwenye huruma: serikali iko karibu kumnyang'anya paspoti. Alfred aliamka na homa yake, akachukua treni ya kwenda Prague.

Bibi yake Julia, mtunzi wa muziki, alibaki na watoto wawili, Michael wa miaka 12 na Judith wa miaka 9. Waliambiwa wasimwambie mtu yeyote kwamba wanaondoka. Walivuka mpaka wa Uswisi mwanzoni mwa mwezi wa tatu, kabla ya kura ya tarehe 5. Asubuhi iliyofuata kura, watu wa Hitler walifika nyumbani Berlin kutafuta paspoti za jamaa nzima. Walikuwa wamechelewa. Miezi miwili baadaye, vitabu vya Alfred vilitupwa motoni mbele ya watu pamoja na vya waandishi wengine.

Katika kitabu alichoandika baadaye kuhusu siku hizo, Judith anasimulia jinsi msichana anavyotakiwa kuchagua kitu kimoja tu cha kuchezea. Kuna sungura wa kitambaa wa rangi ya roze, mzee, aliyechakaa kwa kukumbatiwa, na kuna mbwa mpya. Anachagua mbwa, kwa sababu anafikiri watarudi karibuni. Msomaji wa Rutshuru ao wa Djugu hahitaji kuelezwa sana hesabu hiyo ya dakika tano, mlango ukiwa wazi.

Kuna kitu kingine ambacho Judith hakuchagua yeye. Mama yake alitunza michoro ya binti yake ya Berlin, watoto wakicheza, watu wakitembea, wanyama, na akaendelea kuitunza nchi baada ya nchi. Karatasi za mtoto wa miaka saba, minane! Leo ziko Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, katika nyumba ya Seven Stories inayohifadhi kazi za waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto.

Kutoka Uswisi jamaa ilienda Paris, na mwaka wa 1936 ikafika London. Pesa zilikuwa haba. Mtu aliyeweza kuwatoa jasho wakubwa wa Berlin alijikuta hana kazi, kwa sababu kifaa chake kilikuwa Kijerumani, na nje ya Ujerumani hakuna gazeti lililokihitaji sana. Hata safari ya Uingereza iliwezekana kwa sababu aliuza hadithi ya filamu, kuhusu mama yake Napoleon, kwa pauni 1000, kwa mtengenezaji wa filamu Alexander Korda. Maneno yake yalibaki nyuma ya mpaka. Michoro ya binti yake haikuhitaji mkalimani. Kwangu mimi, maisha yote ya Judith Kerr yanasimama juu ya tofauti hiyo.

Watoto, wao, hawakuona shida kama wakubwa. Judith amesimulia mara nyingi kwamba siku moja huko Paris, akitazama mji kutoka dirisha la nyumba yao ndogo, alimwambia baba yake kwamba ni vizuri kweli kuwa mkimbizi. Wazazi walikuwa wameficha hofu yao vizuri.

Vita ya pili ya dunia iliwakuta London. Mwaka wa 1940 Uingereza ilimkamata Michael na kumfungia katika kisiwa cha Man, eti kwa sababu ni Mjerumani, yeye aliyemkimbia Hitler! Baadaye aliachiliwa, akawa rubani wa jeshi la Uingereza, na mwishoni jaji wa mahakama ya rufaa. Judith alifanya kazi ya Msalaba Mwekundu na jioni alijifunza kuchora. Mwaka wa 1945 alipata msaada wa masomo katika shule ya sanaa ya Central School, na mwaka wa 1947 akawa raia wa Uingereza. Baba yake alirudi Ujerumani kwa ziara mwaka wa 1948, akapatwa na kiharusi huko Hamburg, na akafa mwaka uleule.

Kazi iliyomjulisha Judith haikuanza ofisini. Aliolewa mwaka wa 1954 na Nigel Kneale, mwandishi wa michezo ya televisheni waliyekutana BBC. Akiwa nyumbani na binti yao mdogo, baada ya kutembelea bustani ya wanyama, alianza kumsimulia habari za chui milia, yule wengi wetu wanayemjua kwa jina la tigre. Mtoto aliitaka hadithi hiyo kila mara. Watoto walipoanza shule, mama alikaa mezani na kuichora.

Mnyama anabisha mlango, anaingia, anakula chakula chote, anakunywa bia ya baba na maji yote ya robine. Mtoto Sophie anamkumbatia. Mama anamtazama tu. Jikoni ni jiko la Kerr mwenyewe, na karibu kila ukurasa ni mweupe, bila mapambo, ili jicho lishike manyoya ya mnyama na uso wa mtoto. Baba anaporudi na kukuta hakuna kitu, anawapeleka kula soseji na frite mjini.

Mwandishi Michael Rosen aliwahi kusema kwamba pengine chui huyu ni kumbukumbu ya polisi wa Hitler, mgeni anayeweza kubisha na kuchukua kila kitu. Kerr alikataa: chui ni chui tu. Mimi nasimama upande wake, maana hakuna mtu anayemkumbatia Gestapo. Ila naona jambo moja: nyumba inabaki tupu na hakuna mzazi anayepiga kelele. Wazazi wa namna hiyo Judith aliwajua.

Mwaka wa 1970 alitoa Mog, paka msahaulifu. Alitumia maneno machache kwa makusudi, kwa sababu mwanawe Matthew alichoshwa na vitabu vya shule vya kujifunzia kusoma. Matthew huyo, alipotazama filamu The Sound of Music akiwa na miaka minane hivi, alisema sasa wamejua utoto wa mama ulikuwaje. Mama akaona haiwezekani kunyamaza. When Hitler Stole Pink Rabbit kilitoka mwaka wa 1971, na mwaka wa 1974 kilipata tuzo ya Ujerumani ya vitabu vya vijana. Watoto wa shule za Ujerumani wanakisoma, na Berlin, mji uliomfukuza, una shule ya msingi yenye jina lake.

Hakuwadanganya watoto. Akikaribia miaka 80 alichora kifo cha Mog, mwaka wa 2002. Mume wake alipofariki mwaka wa 2006, alizidisha kazi, katika nyumba ileile ya Barnes, London, walimokaa tangu miaka ya 1960. Alisema mara nyingi kwamba anawafikiria watoto Wayahudi karibu milioni moja na nusu ambao hawakuvuka mpaka, na kwamba hana haki ya kupoteza siku.

Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwezi wa sita 2019, mwezi mmoja baada ya kifo chake. Ni hadithi ya mvulana na sungura wa shule anayedhaniwa kuleta mkosi kila anapopita.