Goma: Madirisha ya kompyuta yanavyowala wachapaji muda

Kwenye sekretarieti za mjini Goma, mchapaji hufungua madirisha mawili kwenye kompyuta: moja lina picha ya karatasi ya mteja, lingine ni la kuandikia. Skrini ikiwa ndogo, moja hufunika lingine. Kuyavuta kwa kipanya kila baada ya mistari michache hula muda, na umeme ukikatika betri haingoji.

Njia fupi iko kwenye klavye yenyewe. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, ukibonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na mshale wa kushoto, dirisha hujaza nusu ya kushoto ya skrini. Mshale wa kulia hulipeleka upande wa pili. Kwenye Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, kitufe hicho pamoja na herufi Z huonyesha mipangilio kadhaa ya kuchagua.

Wazo lenyewe ni la zamani. Windows ya kwanza, ya mwaka 1985, ilipanga madirisha ya programu bega kwa bega. Yalianza kufunikana katika toleo la 2.0, mwaka 1987.

Faida si haraka tu. Karatasi mbili zikionekana pamoja, jina au tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa hugunduliwa kabla ya kuchapishwa, na mteja harudishwi ofisini kwa sababu ya herufi moja.