Mbogi ya Biblia na Vakansi ya Buja

Wasee, vakansi ndiyo hii. Mvua imekata, vumbi limeshika Buja yetu, Bujumbura nzima, na kila mwenye simu anauliza form ni gani. Kuna wale wa kukaa base kutwa wakisubiri umeme urudi wachaji simu. Kuna wale wa Bora Bora, wanakalia kiti cha beach na Fanta moja mpaka jua lizame, mradi status ijae. Halafu kuna mbogi yangu: GBU, Groupe Biblique Universitaire, wanachuo tunaosoma Biblia pamoja. Nakuambia nikikuangalia machoni, Julai mpaka Septemba hakuna mbogi kali kutuzidi kwenye huu mji. Hakuna.

Najua umeshatuchora kichwani: soksi na sandali, Biblia kubwa kwapani, sura ya mtihani. Futa hiyo picha. Hiyo ni GBU ya buda yako.

Yetu ni hii: wa Université du Burundi, chuo cha tangu 1964, wanashuka kutoka Mutanga na Kiriri wakijiona wamebeba nchi. Wa Hope Africa University wanatokea Kamenge, na hao swaga yao ina sababu: chuo chao kilizaliwa Nairobi mwaka 2000, kikahamia Buja 2003, kikaja na Sheng kwenye mabegi. Ukipita getini kwao utasikia "rada, msee" kabla ya bonjour. Makundi yote ya GBU ya nchi yako chini ya umoja wao, UGBB, na UGBB ni wa ukoo wa IFES, ushirika wa kimataifa wa wanafunzi Wakristo ulioanzishwa 1947 na leo uko kwenye nchi zaidi ya 150. Kwa hiyo anayetuita kakwaya ka watoto wa mama, pole yake, amechelewa miaka 70 na ushee.

Tuanze na luku, maana Mungu anaangalia moyo lakini mbogi inaangalia ndula. Kinachotrend saa hii ni chagua, mitumba ya soko la Ruvumera: shati pana la maua, suruali ya kuanguka, ndula nyeupe zimesuguliwa kwa mswaki. Tangu soko kuu liungue Januari 2013, mitumba mikali imetawanyika mji mzima, lakini wajanja wa Buyenzi tunajua saa ya kufunguliwa bale. Ukichelewa unaachiwa majaketi ya baridi ya Ulaya, na kwa joto la Buja hayo ni adhabu.

Kinachochoma ni tisheti ya kambi zetu za Biblia. Kila kambi ina tisheti, na kila tisheti ni XL, ina mstari wa Biblia kwa Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, halafu mgongoni jina la mfadhili. Kambini, fiti. Kwenye deti pale Quartier Asiatique umejichoma, na huyo dem ana haki ya kuhepa.

Ila hakuna kinachochoma kuliko Msee wa Maombi Marefu. Kila mbogi inaye. Maharage yamepakuliwa, mvuke unapanda, yeye anaanza na Adamu. Akifika kwa Nuhu mchuzi umeshaganda. Tulipanga siku ya kumwombea apunguze. Zamu ya kuongoza maombi siku hiyo ikamwangukia yeye.

Sasa doo. Jumapili ya beach imekuwa mambo ya wazito. Kiti kina bei, Fanta bei imeruka kwa sababu tu inaangalia ziwa, brochette mbili za mbuzi na ndizi ya kuchoma zinamaliza wiki yako. Ukiagiza samaki mukeke mzima, wewe si mwanafunzi, wewe ni mkurugenzi. Sisi tunachanga. Kila mtu anatuma chake kwa simu, Lumicash, kidogo kidogo, kuanzia mwezi wa tano, na dada wa hazina anaandika kwenye daftari la jalada la bluu. Huyo dada usimchezee. Anajua nani ametuma, nani ameahidi, na nani amenunua ndula mpya kabla ya kutuma. Lakini mtu akisota kweli, anamfuata pembeni, anamnong'oneza, jina lake linawekwa tiki na habari inaishia hapo. Siku ya safari wote mko sawa kwenye basi. Hii sheria naipenda kuliko zote tulizo nazo.

Hilo basi lenyewe ndilo noma. Mafuta Buja ukiyapata ni ushuhuda wa kutoa mbele ya kanisa. Magari yanalala kwenye foleni ya stesheni. Pikipiki, baiskeli na tuktuk zilipigwa marufuku katikati ya mji Machi 2022, kwa hiyo unapiga mguu mpaka parking ya mabasi, na huko unakuta foleni nyingine, ya watu. Dawa yetu ni moja: tunatoka na giza, tunatembea panapotembeka, na tunaimba. Watu wa Kirundi wanaanzisha Apollinaire Habonimana, sisi wa Buyenzi tunajibu na Christina Shusho, dada wa Kigoma, jirani yetu wa ziwa. Wa Hope wanaleta rap za injili za Nairobi ambazo maneno hawayajui hata wao. Mpaka jua linatoka, barabara nzima imeshaamka, na mzee mmoja dirishani ameshatulaani kwa kelele. Asante, mzee. Nawe Bwana akubariki.

Outing ya kufungua msimu ni Mugere, kusini kidogo ya mji, barabara ya Rumonge. Huko mlimani kuna jiwe kubwa limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Walikuwa wanazunguka kaskazini ya ziwa Tanganyika kuangalia kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Unaingia. Wavuvi wa hapa walikuwa wanaliona hilo kila asubuhi. Na haikosi mzee wa kujitokeza pale kutuambia hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Hapana, mzee, walikutana Ujiji, Tanzania, kabla ya hapo. Anawaka, anasema vijana wa siku hizi hawasikii. Tunasikia vizuri sana, mzee, ndiyo maana tumekusahihisha.

Tukishuka ziwani kuoga, wazee wanatoa silaha yao ya mwisho: Gustave. Mamba mkubwa wa Rusizi, yule ambaye Mfaransa Patrice Faye alimtegea kizimba cha chuma na hakuingia. Wazee wa Buja wanamtumia Gustave kwa kila kitu. Usiogelee, Gustave. Usichelewe kurudi, Gustave. Usitembee na yule chali, Gustave. Wa kumheshimu ni kiboko. Jioni anatoka majini kula majani, na hana stori na mtu. Jua likianza kuinama sisi tumeshavaa, tumeshahesabiana, na Msee wa Maombi Marefu ameshakatazwa kufunga siku.

Hadi hapo unaweza kusema ni picnic tu. Ngoja nikupeleke hospitali.

Hospitali za huku mgonjwa analishwa na watu wake. Kama watu wake wako ocha, au hawana kitu, anaangalia wenzake wakila. Kwa hiyo vakansi ikianza tuna zamu za uji. Unga ni Musalac, sukari inatoka kwenye daftari la bluu, na sufuria tunaazima kwa mama mmoja Mwislamu wa hapa Buyenzi, lile la pilau la Idi, la kubebwa na watu wanne. Analitoa kwa sharti moja: lirudi linang'aa kuliko lilivyoondoka. Kwa hiyo jioni ukipita uani kwake utamkuta mwanafunzi wa udaktari, yule anayeongea Kifaransa cha puani, amechuchumaa anasugua masizi kwa mchanga na majivu, na mama amesimama juu yake mikono kiunoni anamwonyesha alipopasahau. Huyo mama ni mtu mzima pekee ambaye mbogi yote inamsikiliza.

Wodini kuna adabu zake. Huingii na gitaa. Huanzi na mahubiri. Unauliza jina, unauliza kikombe kiko wapi, unamimina, na kama mtu hawezi kushika kijiko unakaa kitandani unamlisha, taratibu, unampangusa kidevu. Wengi wanataka stori tu: mpira, bei ya mchele, nani kashinda. Mwingine anataka umwombee, na hapo ndipo yule msee wetu anageuka mtu mwingine kabisa. Anashika mkono wa mgonjwa, anasema sentensi tatu, amina. Nimemwona kwa macho yangu. Kumbe anaweza.

Kitu kinachonikata maini ni bili. Unamkuta mtu amepona, kidonda kimefunga, na bado yuko pale kwa sababu hajalipa. Human Rights Watch walitoa ripoti nzima juu ya wagonjwa wanaozuiliwa hospitalini Burundi, mwaka 2006. Sisi bado tunakutana nao. Basi kofia inazunguka hapohapo kwenye benchi, watu wanahesabu nauli zao, na dada wa hazina, yule mkali, ndiye wa kwanza kufungua pochi. Siku moja tulimtoa mama mmoja na mtoto wake mgongoni, tukarudi Buyenzi kwa miguu wote, na sijasikia mbogi ikiimba vile tena.

Halafu kuna mambo ya Kiswahili. Ocha kuna wazee mpaka leo wanaona Kiswahili ni lugha ya wahuni wa Buyenzi na Bwiza, mtoto wa heshima ashike Kirundi na Kifaransa chake. Sawa. Februari 2025 vita vya Kivu Kusini, Kongo, vikawasukuma watu, makumi ya maelfu wakavuka Rusizi, wengine majini kabisa, wakajazana uwanja wa mpira wa Rugombo kule Cibitoke. Mbogi ikakusanya nguo, sabuni, vitenge na nepi. Vakansi ilipofika bado watu walikuwa wanahitaji. Na nani aliyeweza kukaa na mama wa Uvira akaelewa kwamba anachotafuta ni binti yake waliyepotezana naye njiani? Si yule wa Kifaransa cha puani. Ni sisi, wahuni. Tangu hapo wenzetu wa Kiriri wanakuja kitaa kujifunza Kiswahili, na tunawafundisha bure, ingawa matamshi yao ni kubaya.

Usiku wa kambi ndio wenyewe. Vyumba vinapangwa kwa kura, hakuna kuchagua mshikaji wako. Unajikuta umelala kati ya mtoto wa Rohero mwenye mto wake kutoka nyumbani na msee wa Kayanza ambaye hajawahi kuona ziwa. Usiku wa kwanza mnaogopana. Usiku wa pili mnagombania blanketi. Usiku wa tatu mtu anaanza kuongea gizani juu ya baba yake, na hakuna anayemuuliza ukoo wala kilima alichotoka. Kwenye hii nchi, wasee, hilo ni jambo kubwa. Miaka ya 90, wakati wa vita, mitaa mingi ya Buja ilichambuliwa kikabila, huyu huku, yule kule. Buyenzi ilibaki imechanganyika, na mpaka leo tunatembea kifua mbele kwa hilo.

Ndiyo maana kila kambi mtu anasimulia Buta. Seminari ndogo, kule Bururi, tarehe 30 Aprili 1997. Wenye bunduki waliingia bwenini, wakaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande huu. Madogo wakakataa. Wakashikana. Arobaini waliuawa. Walikuwa wa umri wetu na chini ya hapo, watu wa kugombania blanketi na kucheka usiku. Wakati huo watu wazima wa nchi nzima, wenye suti na vyeo, walikuwa wanagawana watu mafungu. Kwa hiyo mzee akinisimamisha barabarani kuniambia vijana hatuna msimamo, namwuliza anaijua Buta. Huwa anabadilisha mada.

Na wazee wana mada nyingi. Mnapoteza muda. Mngetafuta kazi. Kazi ipi, mzee? Onyesha moja, kesho asubuhi niko hapo na CV mbili. Jumamosi kwenye kazi za pamoja sisi tunashika majembe na wao wanashika kivuli wanatuonyesha mtaro kwa fimbo. Wakichoka kuonyesha wanasema kizazi chao ndicho kilichojua kazi.

Msimu huu mbogi imepanga kwenda Buta yenyewe, kwenye makaburi ya wale arobaini, kulala huko na kufanya usafi. Bururi iko juu, usiku ni baridi ya kugonganisha meno, na ghafla yale majaketi ya Ruvumera tuliyokuwa tunayacheka yanagombaniwa, bei imeshapanda mara mbili. Mama wa Buyenzi amekubali sufuria lisafiri, ila anataka jina la atakayelisugua liandikwe kabisa. Daftari la bluu limefunguliwa, Lumicash inapokea, basi litapatikana mafuta yakipatikana. Uje na sahani yako, kijiko chako, na uvumilivu kwa watu wa Hope. Na Msee wa Maombi Marefu ameshakubali kwa maandishi: ataanza kuombea chakula wakati maharage bado yanachemka.